Aliandikiwa Dawa, Hakuandikiwa Chakula: Kisa cha Bibi Mmoja wa Tandika

Nyuma ya mlango wa chumba alimolala mgonjwa palikuwa na karatasi ya daftari iliyobandikwa kwa gundi, ambayo mjukuu wake wa kidato cha nne alikuwa ameiandika kwa kalamu nyekundu na herufi kubwa: VITU AMBAVYO BIBI HARUHUSIWI. Vilikuwa kumi na kimoja: chumvi, sukari, mafuta, nazi, nyama nyekundu, mayai, maziwa, wali, maharage, karanga na ndizi mbivu. Niliinua ncha ya karatasi kuangalia kama upande wa pili una orodha ya vitu anavyoruhusiwa, nao ulikuwa mtupu.

Kisa hiki nakiandika kwa ridhaa ya mgonjwa mwenyewe na binti yake, bila majina, kwa sababu karatasi ya namna hiyo nimeikuta katika nyumba nyingi za jiji hili, mara nyingine ukutani na mara nyingi zaidi vichwani mwa watu. Mimi ni afisa lishe. Niliitwa Tandika, Dar es Salaam, na mhudumu wa afya ngazi ya jamii ambaye alipita kumjulia hali Bibi, akaona pete ya ndoa imefungwa uzi ili isidondoke kidoleni, akapiga simu. Nataka hilo lijulikane mapema: aliyegundua tatizo hakutumia kipimo chochote, alitazama mkono.

Hali tuliyoikuta

Bibi ana miaka 74, ana shinikizo la damu na kisukari cha ukubwani, na kabla ya ajali alikuwa akiamka alfajiri kumsaidia binti yake kukoroga unga wa vitumbua vinavyouzwa barazani. Aliteleza bafuni, akavunjika nyonga, akalazwa siku 19 katika hospitali ambayo sitaitaja. Tisa kati ya hizo zilikuwa za kusubiri operesheni. Mara tatu aliambiwa asile kuanzia usiku, na mara mbili kati ya hizo operesheni iliahirishwa mchana, wakati ambapo chakula cha wodini kilikuwa kimeshagawiwa. Miongozo ya siku hizi ya utoaji wa dawa ya usingizi humruhusu mgonjwa wa kawaida kula chakula chepesi hadi saa 6 kabla ya operesheni na kunywa maji hadi saa 2 kabla, kwa hiyo kufunga tangu usiku kwa ajili ya operesheni ya mchana ambayo huenda isifanyike ni gharama kubwa ambayo mwili wa mzee huilipa peke yake. Operesheni ilipofanyika ilikwenda vizuri. Kidonda kilipona, daktari wa mifupa aliridhika na picha, na Bibi akaruhusiwa kurudi nyumbani akiwa na mfuko wa dawa, tarehe ya kliniki na maneno haya ambayo binti yake aliyakumbuka neno kwa neno: "Ale vizuri."

Nilipofika zilikuwa zimepita siku 16 tangu aruhusiwe. Kadi yake ya kliniki ya kisukari, ya miezi sita iliyotangulia, ilionyesha kilo 50. Kwa kuwa hakuweza kusimama peke yake, mjukuu alimnyanyua kwa uangalifu kama alivyofundishwa na mtaalamu wa mazoezi ya viungo, akasimama naye juu ya mizani, kisha akasimama bila yeye, tukatoa. Alikuwa na kilo 41. Urefu wake tuliukadiria kwa kupima mkono, ukawa kama mita 1.53, na hivyo uwiano wa uzito kwa urefu (BMI) ukawa 17.5. Mzunguko wa ndama wa mguu usioumia ulikuwa sentimita 27, wakati kwa mzee chini ya 31 huhesabiwa kuwa dalili ya misuli iliyopungua. Katika dodoso fupi la hali ya lishe ya wazee, ambalo alama zake ni kuanzia 0 hadi 14 na chini ya 8 ni utapiamlo, alipata 2.

Kilo 9 kati ya 50 ni asilimia 18 ya mwili wake. Mtoto wa miaka miwili akipoteza sehemu kama hiyo, kadi yake ya kliniki yenye mistari ya ukuaji itampigia kelele kila muuguzi, na mama atapewa rufaa siku hiyohiyo. Bibi hakuwa na mistari. Waliomwona akikonda walisema ni uzee, ni ugonjwa, ni mawazo, na mmoja wa majirani alisema kwa nia njema kabisa kwamba ni afadhali, maana wembamba unasaidia presha. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuwa ni mtu wa miaka 60 na kuendelea na inazungumzia haki yake ya matibabu, nayo ni sera ambayo nimeona ikiwasaidia watu dirishani kwa daktari. Kinachokosekana ni mtu wa kumpima uzito mzee huyo baada ya kutoka kwa daktari.

Tulipohesabu alichokula siku iliyotangulia, picha ikawa wazi. Saa nne asubuhi alipewa kikombe cha uji mwepesi wa mahindi usio na maziwa wala sukari, kipande kimoja cha mkate na chai ya rangi. Mchana alipata bakuli la supu ya samaki na ugali wa ukubwa wa ngumi ya mtoto. Usiku alikula nusu ya kiasi hicho cha ugali kwa mchicha uliochemshwa bila mafuta. Kwa makadirio yangu hizo ni kalori 475 hivi na protini gramu 15. Mzee wa kilo 41 anahitaji kama kalori 30 kwa kila kilo ya mwili, yaani 1,230 kwa siku. Kuhusu protini, jopo la wataalamu linalojulikana kama PROT-AGE lilipendekeza mwaka 2013 gramu 1.2 hadi 1.5 kwa kila kilo kwa mzee aliye mgonjwa, ambazo kwake ni gramu 49 hadi 62. Bibi alikuwa akipata chini ya nusu ya nishati na chini ya theluthi ya protini, katika nyumba isiyokosa chakula, mikononi mwa binti anayempenda.

Supu inastahili neno lake. Katika nyumba zetu supu ndiyo heshima ya mgonjwa: kichwa cha changu kinachemshwa, au kongoro linapikwa usiku kucha kwenye jiko la mkaa, na yule anayeumwa anapewa maji yale ya moto kwa imani kwamba nguvu yote imeingia humo. Haijaingia. Protini iliyo nyingi imebaki katika mnofu, na kwa siku 16 mnofu ule ulikuwa ukiliwa na wajukuu kwa sababu Bibi "hawezi kutafuna".

Sukari iliyokatazwa

Haya yote niliyahesabu baadaye, kwa sababu nilipoingia kwa mara ya kwanza, saa tatu asubuhi, kulikuwa na jambo la haraka. Nilimwamkia, naye hakuitikia. Alikuwa amelowa jasho shingoni, vidole vinatetemeka, na alikuwa akimwita marehemu dada yake. Binti alisema hali hiyo humjia karibu kila asubuhi, ikapita akishanywa uji, na kwamba walishampima malaria mara mbili bila kukuta kitu. Kipimo cha sukari kilisoma milimoli 3.1 kwa lita, wakati chini ya 3.9 ni sukari iliyoshuka.

Nikaomba sukari vijiko vitatu vidogo katika nusu glasi ya maji, ambayo ni kama gramu 15. Binti alisimama palepale akiwa ameshika glasi. "Dada, sukari si imekatazwa?" Nyumbani haikuwamo, walikuwa wameiondoa kabisa ili Bibi asishawishike, na mjukuu alikimbia kwenda kuiazima kwa jirani. Bibi bado aliweza kumeza, kwa hiyo tulimpa kidogo kidogo. Angekuwa amezimia tusingemwekea kitu mdomoni. Baada ya dakika 15 kipimo kilisoma 4.6, akafumbua macho vizuri, akauliza mgeni ni nani, na mimi nikaamkia tena.

Sababu ilikuwa ndani ya mfuko wa dawa. Alikuwa akimeza glibenklamaidi, dawa ya kushusha sukari, asubuhi na jioni, kipimo kilekile alichokuwa akitumia alipokuwa na kilo 50 na sahani iliyojaa. Dawa hiyo huisukuma kongosho itoe insulini hata kama hakuna chakula kilichoingia. Binti, ambaye huanza kukaanga vitumbua saa kumi na moja alfajiri, alikuwa akimpa kidonge kabla ya kuwasha jiko, na chakula cha kwanza kilifika saa nne wateja wakishapungua. Saa tano nzima dawa ilikuwa ikifanya kazi katika tumbo tupu. Orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani inaeleza kwamba glibenklamaidi haiwafai watu wenye zaidi ya miaka 60, na sababu yake ni hiyohiyo niliyoiona ikitoka jasho mbele yangu.

Kwa kuwa dawa hii hukaa mwilini muda mrefu na inaweza kuishusha sukari tena baada ya mtu kudhani hatari imepita, tulimpakia kwenye bajaji siku ileile hadi kituo cha afya. Daktari aliisitisha, akapima figo na chumvichumvi za damu, na baada ya kuona figo ziko salama akabakiza metformini, dawa yake nyingine ya kisukari, kwa kipimo kidogo, inywewe baada ya chakula, kwani hiyo nayo hukata hamu ya kula na kuchafua tumbo. Alilegeza pia lengo la sukari. Kwa mzee dhaifu aliyekonda, sukari iliyopanda kidogo kwa miezi michache ni jambo la kufuatilia, ilhali sukari iliyoshuka inaweza kumwangusha, na akianguka akavunja nyonga ya pili hatutakuwa na mazungumzo tena ya lishe.

Jambo ambalo hakuna aliyeuliza

Nilirudi siku mbili baadaye nikiwa na mpango mzuri wa chakula kwenye karatasi, na Bibi alinisikiliza kwa adabu, akashukuru, na hakula. Alikunywa funda tatu za uji wa maziwa akasema ameshiba. Binti alikaribia kulia. Alisema mama yake amekata tamaa.

Nilimwomba binti atupishe kidogo, nikakaa chini kwenye mkeka, nikamwuliza Bibi kama chakula ni kibaya. Akasema, "Mwanangu, chakula ni kizuri. Nikila nitakwenda chooni. Chooni ni nje, na wa kunibeba ni yule, mgongo wake umeshaisha kwa kuinama jikoni. Basi najizuia."

Nyumba ile ni ya kupanga, vyumba sita, na choo kimoja kiko mwisho wa ua, kikiwa na kizingiti cha kupanda. Kumfikisha Bibi huko kulihitaji binti na mjukuu, na kupita mbele ya wapangaji wote. Akina mama waliokuwa wakifua walikuwa wakiinuka kusaidia, na huruma hiyo ndiyo iliyomwumiza zaidi. Alikuwa amepunguza maji hadi vikombe viwili kwa siku, mkojo wake ukawa wa rangi ya chai, na dawa za maumivu alizopewa zikamfunga choo siku tano. Hapo hamu ya kula ingetoka wapi?

Kabla ya kuongeza hata kijiko kimoja cha unga tulikwenda kwa seremala wa mtaani. Alichukua kiti cha mbao chenye mikono, akatoboa duara kwenye kikalio, akapiga msasa kingo zisimkwaruze, na chini yake ikaingia ndoo yenye mfuniko. Miguu ya kiti aliiongeza urefu kwa sababu mtu aliyefanyiwa operesheni ya nyonga hatakiwi kukaa chini sana. Binti alishona pazia la kanga la kukizungushia. Sijawahi kuandika dawa ya kuongeza hamu ya kula iliyofanya kazi kama kile kiti. Ndani ya siku tatu Bibi alikuwa akinywa vikombe sita vya maji na kuuliza mchana kuna nini.

Natamani kila anayemhudumia mzee nyumbani aulize swali la choo kabla ya swali la chakula, na aliulize wakati mtoto wa mzee huyo hayupo.

Mpango wa chakula

Tulianza na ile karatasi. Nilikaa na mjukuu tukapitia katazo moja moja na kuuliza limetoka wapi. Chumvi na sukari zilitoka kliniki, nazo zilikuwa ushauri wa kupunguza uliogeuka marufuku. Mafuta yalitoka kwa mgonjwa wa kitanda cha jirani. Mayai na maziwa yalitoka kwa shangazi aliyesikia kuhusu lehemu (kolesteroli), maharage yalikatazwa kwa sababu ya gesi, na karanga hakuna aliyekumbuka zilikuja vipi. Hakuna mtu mmoja aliyekataza vyote kumi na kimoja. Vilijumlishwa na upendo, kila mtu akiongeza chake, na hakuna aliyekuwa na mamlaka ya kupunguza. Nikaichukua kalamu ileile nyekundu, nikakata tisa, nikaacha chumvi na sukari kwa maelezo kwamba zinapunguzwa na si kwamba zinaondolewa, kisha tukageuza karatasi na mjukuu akaandika upande mtupu saa za chakula.

Hatukupandisha kiwango kwa pupa, na sababu yake inahitaji kujulikana. Mwili uliokaa na njaa kwa wiki kadhaa ukipewa chakula kingi ghafla, insulini huvuta fosfeti, potasiamu na magnesi kutoka kwenye damu kuingia ndani ya seli, na upungufu huo unaweza kuusumbua moyo na kuleta uvimbe, kuishiwa pumzi na kuchanganyikiwa. Mtu aliyepoteza zaidi ya asilimia 15 ya uzito ndani ya miezi mitatu hadi sita yuko katika hatari hiyo. Kwa hiyo daktari alimpa vitamini B1 kabla, chumvichumvi za damu zikarudiwa kupimwa, nasi tukaanzia pale alipokuwa tukiongeza kidogo kila baada ya siku mbili hadi kufikia kiwango kamili siku ya kumi. Binti alifundishwa kubonyeza vifundo vya miguu kila asubuhi kuona kama panabaki shimo.

Mfamasia wa karibu alikuwa amewashauri wanunue kopo la unga wa lishe wa dukani, nao walikuwa wakichangishana. Sisemi kwamba makopo hayo hayafai. Kwa mgonjwa asiyeweza kupikiwa, au anayelishwa kwa mpira, yanaokoa. Lakini mwongozo wa chama cha lishe ya kitabibu cha Ulaya unasema nyongeza hiyo ikitumiwa kwa mzee impe walau kalori 400 na protini gramu 30 kwa siku, kwa muda usiopungua mwezi mmoja. Kopo la gramu 400 kwa kawaida halifikishi kalori 2,000, maana yake ni kwamba halimalizi wiki. Familia nyingi hununua kopo moja, hulipima kijiko kimoja kwa siku lidumu, na kuamini kwamba mgonjwa analishwa.

Badala yake tulitengeneza uji mzito. Unga wa mahindi vijiko vitatu vya kulia chakula, maziwa yasiyopunguzwa mafuta robo lita, siagi ya karanga vijiko viwili, yai moja linalopigwa na kumiminwa uji ukiwa unachemka huku ukikorogwa, na kijiko kidogo cha mafuta ya kupikia: hapo kuna kalori kama 550 na protini zaidi ya gramu 20, na kiasi hicho hugawanywa vikombe viwili, kimoja alfajiri na kimoja jioni. Kila kikombe kilipikwa kwa wakati wake, kwani uji wenye yai na maziwa hauachwi katika chupa ya chai kutwa nzima katika joto la Dar es Salaam. Kikombe cha kupimia kilichorwa mstari kwa rangi ya kucha ili hata mjukuu mdogo asikosee.

Uji wa namna hiyo huwa mzito kiasi cha kumchosha mzee kumeza, na kishawishi cha kila mpishi ni kuongeza maji, ambako ndiko tulikotoka. Tuliongeza kimea cha ulezi, teknolojia ambayo watafiti wa lishe wa Tanzania waliishughulikia sana miaka ya 1980 kwa ajili ya uji wa watoto. Ulezi huloweshwa, ukaoteshwa, ukaanikwa na kusagwa. Kijiko kidogo kikikorogwa katika uji uliopoa kiasi cha kuvumilika mkononi, uji hulainika mbele ya macho bila kuongezwa tone la maji, kisha hurudishwa motoni uchemke. Kwa kuwa kimea hugeuza wanga kuwa sukari nyepesi tulikitumia kwa kiasi kidogo na kupima damu saa mbili baada ya mlo, na majibu yalikuwa ya kuridhisha. Karanga tulizichagua kwa mkono, tukatupa zilizosinyaa au zenye ukungu, kwani sumukuvu si hadithi: mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara, ingawa huko iliyochafuka ilikuwa mahindi.

Kisha dagaa. Binti alikuwa na mashaka kwamba mama yake asiye na meno atakulaje dagaa, nami nilimwomba aniruhusu nimwonyeshe. Tulinunua dagaa wa Mwanza wasio na chumvi kutoka sokoni Tandika, tukawaosha maji matatu hadi mchanga ukaisha chini ya beseni, tukawaanika juani, tukawakausha kwenye kikaango kikavu kwa moto mdogo hadi wakawa wanavunjika kwa kidole. Wakaingia kinuni pamoja na mifupa yao, ambayo ni chanzo kizuri cha madini ya chokaa kwa mtu aliyevunjika. Mjukuu alitwanga, binti akachekecha, na unga ukatoka wa rangi ya majivu wenye harufu iliyoita paka wa nyumba nzima. Vijiko viwili vya unga huo vina protini kama gramu 8, zaidi ya yai moja. Ulinyunyizwa kwenye choroko za nazi zilizopondwa na mwiko, na Bibi hakujua kwamba anakula dagaa hadi alipoambiwa, akacheka.

Siku kamili ilipangwa hivi: uji saa kumi na moja alfajiri, kabla jiko la vitumbua halijawashwa, na dawa ikafuata nyuma ya uji, saa nne yai la kuchemsha lililopondwa na nusu parachichi, saa saba wali laini na choroko zenye unga wa dagaa, saa kumi uji wa pili, usiku ugali laini na mnofu wa samaki uliochambuliwa miiba, safari hii mnofu ukiwa wa Bibi na supu ikiwa ya wote, na mtindi kabla ya kulala. Maziwa mabichi ya kuchemsha yalimletea kuharisha wiki ya kwanza, mtindi ukatatua. Chai ya rangi ilihamishwa mbali na milo kwa sababu huzuia madini ya chuma, naye alikuwa ameandikiwa vidonge vya damu. Hakuwahi kumaliza vyote. Siku njema alifika kalori 1,250 na protini gramu 55, na hiyo ilitosha.

Chakula peke yake hakirudishi misuli. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2007 ulionyesha kwamba wazee wenye afya njema waliolazwa kitandani siku 10 kwa hiari yao walipoteza karibu kilo moja ya misuli ya miguu, na hao walikuwa wakila milo yao yote. Kwa hiyo, kwa idhini ya daktari wa mifupa, kila mlo ulitanguliwa na kusimama mara tano akishikilia kile kiti cha seremala. Binti alikuwa akihesabu kwa sauti kutoka jikoni.

Wiki nane

Haikuwa njia iliyonyooka. Wiki ya nne binti aliugua, na kwa siku sita nyumba iliongozwa na mjukuu ambaye alikuwa na mitihani. Uji ukarudi kuwa mwepesi, Bibi akapungua gramu 600. Kosa lilikuwa langu, kwani nilikuwa nimemfundisha mtu mmoja kupika. Tangu hapo sikubali kuondoka katika nyumba kabla watu wawili hawajapika mbele yangu. Meno bandia nayo yalikuwa yamefungwa kwenye leso chini ya mto: fizi zilikuwa zimesinyaa pamoja na mwili, yakawa yanacheza na kumjeruhi, naye aliona haya kusema.

Wiki ya sita uliibuka mwezi wa Ramadhani, na Bibi, ambaye hakumbuki mwaka aliouacha kufunga akiwa na afya, alitaka kufunga. Hapo afisa lishe hana neno. Binti alimleta imamu wa msikiti wa mtaani, mzee mwenzake, ambaye alikaa naye barazani akamweleza kwamba mgonjwa amepewa ruhusa, na mzee asiyeweza kulipa siku zake hutoa fidia ya kumlisha maskini mmoja kwa kila siku. Bibi alifikiri kwa muda mrefu. Kisha akataka kujua kama maskini huyo naye anaweza kupewa uji wa karanga, na imamu akasema unafaa, almradi kiwango kitimie.

Mwisho wa wiki ya nane alikuwa na kilo 44.3 na ndama wa sentimita 28.5. Sukari haikuwa imeshuka chini ya 5 tangu dawa ibadilishwe, na alikuwa akitembea na fremu kutoka kitandani hadi barazani, ambako alikalia kiti kingine, cha kawaida, akipokea fedha za vitumbua. Bado kilo tano na ushee hazijarudi. Fizi zimepimwa kwa ajili ya meno mengine, na tarehe ya kuyachukua mjukuu ameiandika kwa ile kalamu nyekundu, chini ya saa za chakula.